Simu Iliyolia Chini ya Mnara

Mlionisoma wiki iliyopita mliniacha nimekaa kwenye kiti changu cha kunyolea, kando ya barabara, nyuma yangu kibanda kimeshageuka rundo la mbao na mabati. Tingatinga la manispaa lilikuwa limekwenda zake. Kioo kikubwa nilikivunja mwenyewe, kwa ngumi, ili wasipate raha ya kukivunja wao.

Unayenikuta leo usipate taabu. Mimi ni kinyozi asiye na kibanda. Mke wangu, Mama Pacha, alikwenda ng'ambo kufanya kazi za ndani wakati pacha wetu, wa kike na wa kiume, wako chekechea. Sasa wanajua kusoma. Tangu aondoke, mama yangu mzazi ndiye aliyehamia kwangu kunilelea watoto. Basi. Hiyo ndiyo familia yangu, na mpaka siku ninayoisimulia hapa nilikuwa naapa kwamba naijua yote.

Baada ya kibanda kubomolewa sikutoka ndani. Nililala, nikaamka, nikageuza mto, nikalala tena. Nilichokuwa nakingoja ni simu ya mke wangu tu. Alikuwa akipiga usiku, kwa mtandao, kwa namba yake ile ile ya kule. Sauti tu. Kamera imeharibika, alisema. Nami nikamwamini, kwa nini nisimwamini?

Usukani akaja kunitoa.

Huyu ni rafiki yangu tangu tunacheza mpira wa makaratasi. Anaendesha teksi, na jina lake la kweli nadhani hata yeye ameshalisahau.

"Vaa viatu," akasema.

"Tunakwenda wapi?"

"Kutalii."

"Kutalii nini? Mji nimezaliwa humu."

"Minara. Sanamu. Wamewasha taa zote kwa ajili ya sherehe za taifa. Chaki yuko garini anatungoja."

Mama akatokeza kichwa jikoni, mwiko mkononi.

"Minara gani?"

"Yote, mama," Usukani akajibu, anatazama viatu vyake.

"Usiku huu? Mwache mwenzio alale. Hana raha, hajala."

"Ndiyo maana namtoa, mama."

"Nimesema mwache alale!"

Nilishangaa. Siku zote mama ndiye aliyekuwa akinisukuma nitoke, nikapunge upepo, niache kuoza ndani. Leo ananishika shati. Nikacheka, nikambusu kwenye paji la uso, nikatoka.

Chaki alikuwa kiti cha mbele. Anafundisha historia shule ya msingi, na hawezi kupita jiwe lolote bila kulifundisha. Alinipa mkono, akaukamata mkono wangu kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Pole, ndugu yangu."

"Ya kibanda? Ushanipa pole."

Akauachia mkono, akageukia mbele.

Tukaanza na sanamu ya askari asiyejulikana. Yuko kwenye mzunguko wa barabara, bunduki begani, taa za njano zinammulika kutoka chini kiasi kwamba uso wote ni giza. Chaki alishuka, akakunja mikono nyuma kama yuko mbele ya darasa.

"Huyu alikufa mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza kwa risasi. Mara ya pili pale walipokaa kikao kujadili kama aandikwe jina, wakaona kuandika majina ya wote ni gharama."

"Walikuwa wengi?"

"Jiwe lisingetosha."

Mlinzi akatufukuza. Tulikuwa tumekanyaga maua.

Kutoka hapo tukaenda kwenye sanamu ya wafanyakazi, mbele ya ofisi kuu za serikali. Mwenye nyundo anatazama mbinguni, mwenye jembe naye anatazama mbinguni.

"Aliyechonga hii hajawahi kushika jembe," Chaki akasema. "Ukilima huku unatazama juu, unajikata kidole."

Nilicheka kicheko cha kweli, cha kwanza tangu tingatinga lije. Nikamgeukia Usukani tucheke wote. Usukani alikuwa anatazama saa ya simu yake.

"Twendeni," akasema. "Tutachelewa."

"Tutachelewa nini? Sanamu inatoroka?"

"Twendeni tu."

Njiani aliendesha kama mtu anayepeleka mgonjwa. Chaki naye, yule Chaki ambaye hata akiumwa meno hakomi kusema, alikuwa ameshika magoti yake kimya. Nikahisi kitu. Lakini mtu akishapigwa na dunia mara nyingi, hahesabu tena kila kivuli kuwa jambo.

Mnara wa uhuru uko katikati ya uwanja mpana wa mawe. Ngazi zinauzunguka pande zote. Taa nyeupe zilikuwa zinawaka mpaka juu, na chini kwenye ngazi wanawake wenye makoti ya kung'aa walikuwa wanasugua mawe kwa brashi ndefu na maji ya sabuni. Wageni wa sherehe lazima wakute pameng'aa, na kazi hiyo haiwezekani mchana kwa wingi wa watu.

Usukani akaegesha gari. Hakuzima.

"Shuka," akaniambia.

"Na nyinyi?"

"Tunakuja."

Nikatembea peke yangu kuelekea mnara. Nilikuwa katikati ya uwanja simu ilipolia. Namba ya ng'ambo. Moyo ukanirukaruka kama kijana anayeanza kutongoza.

"Mama Pacha!"

"Baba Pacha. Hujambo? Watoto wamelala?"

"Wamelala. Wewe?"

"Nimejificha stoo. Mama mwenye nyumba ana wageni. Siongei sana leo."

Nilitaka kumwambia habari za kibanda. Nilikuwa nimemficha. Nikafungua mdomo, na wakati huo huo gari la wagonjwa likapita kando ya uwanja, king'ora kinalia.

Nikalisikia kwa sikio la kushoto. Na sikio la kulia, lile lenye simu, likalisikia pia.

King'ora kikapita, kikafifia barabarani, kikafifia kwenye simu.

"Baba Pacha? Upo?"

Niliinua macho. Wanawake walikuwa wanasugua. Mmoja tu alikuwa amekaa, kanipa mgongo, juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono mmoja sikioni.

"Mama Pacha," nikasema. "Uko wapi?"

"Si nimekwambia niko stoo?"

"Geuka."

"Nini?"

"Geuka nyuma."

Yule mwanamke kwenye ndoo hakugeuka. Alikaa vile vile, lakini niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo. Nikasikia pumzi yake kwenye simu. Kisha akageuka.

Alikuwa yeye. Amekonda, kitambaa kichwani, buti za mpira miguuni. Mke wangu aliyeko ng'ambo, umbali wa kutembea kutoka kitandani kwangu.

Sikumbuki nilivyopanda ngazi. Nakumbuka tu nilikuwa bado nimeshika simu sikioni nikiwa nimesimama mbele yake.

"Umerudi lini?"

"Siku nyingi."

"Siku nyingi? Unanipigia kila siku unaniambia habari za joto la kule, siku nyingi?"

Akafungua mdomo, na aliyejibu akawa mwingine. Ndani ya koti lake la kung'aa, mgongoni, kitu kililia. Alikifungua kanga, akakizungusha mbele. Mtoto mchanga, wa umri wa kuanza kukaa. Alinitazama bila woga wowote.

"Wa nani?"

"Wangu."

"Nimekuuliza wa nani!"

"Nimekwambia wangu." Kisha akashusha sauti. "Ni wa kule. Mdogo wake bosi. Tumbo lilipoonekana walinipandisha ndege na mfuko wa nailoni. Hata nguo zangu nyingine hawakunipa."

Ndugu msomaji, hapa ndipo ningependa kuwadanganya. Ningependa kusema nilimkumbatia. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno lolote duniani, na neno nililolichagua lilikuwa hili:

"Ulikataa?"

Alimvuta mtoto kifuani.

"Komeo la chumba changu lilikuwa kwa nje," akasema.

Nikageuka nikashuka ngazi. Damu inanichemka mpaka macho yanaona ukungu. Sikujua nakwenda wapi. Usukani alikuwa anakuja mbele yangu, mikono ameifungua.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nilimwona siku nilipoleta abiria huku. Aliniapisha. Kila nikikaa nawe, chai inanikwama kooni. Nikaona bora uone mwenye..."

Sikumngoja amalize. Nilimpiga. Nilimpiga mdomoni, akaenda chini, na alipokuwa chini nikainama ili nimpige tena. Chaki alinidaka kwa nyuma, akanibana kifuani kwa mikono yake myembamba ya mwalimu.

"Basi! Basi, utaua!"

Wale wanawake waliacha kusugua.

Usukani akaketi. Akatema jino kiganjani, akalitazama.

"Yeye angalau amekuleta mpaka hapa," Chaki akanong'ona sikioni kwangu, bado amenibana. "Wengine wamenyamaza."

"Wengine gani?"

"Kamuulize shemeji. Kwa upole. Umesikia? Kwa upole."

Akaniachia. Nikapanda tena. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma ya ndoo, mtoto amembana, na ndoo iko kati yetu. Wakati ule sikuelewa kwa nini alisimama vile.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama," akasema.

"Mama yako?"

"Mama yako."

Niliketi kwenye ngazi yenye maji. Suruali ikalowa, sikujali.

"Nilitoka uwanja wa ndege nikaja nyumbani moja kwa moja," akasema. "Wewe ulikuwa kibandani, watoto shule. Mama alinifungulia. Akalitazama tumbo, akaniambia nisiingie. Alinitafutia chumba kwa rafiki yake. Kazi hii pia alinitafutia yeye. Simu zote ninazokupigia, ni yeye aliyesema nipige, usije ukashtuka."

"Kwa nini hakuniambia? Mimi ni mwanawe!"

"Muulize mwenyewe."

Mama yangu. Mama anayenipakulia chakula kila usiku, anayeniuliza mkeo amepiga, anasemaje, na kutikisa kichwa kwa huruma. Nilimwona kichwani mwangu akimfungia mlango mjamzito aliyetoka safari, na chuki niliyoisikia sikuwahi kuisikia kwa mtu yeyote.

"Inuka," nikamwambia mke wangu. "Twende nyumbani."

"Kwa mama?"

"Kwangu. Ile ni nyumba yangu."

Msimamizi wao, mwanamke mwenye filimbi shingoni, alikuwa ameshafika.

"Wewe, ugomvi wa nyumbani peleka nyumbani. Na ukiondoka kabla ya kazi kwisha, usirudi kesho."

Mke wangu alitazama brashi yake. Alinitazama mimi. Alimtazama Chaki, aliyekuwa amemshika Usukani mkono anampandisha ngazi.

"Shemeji," Chaki akamwambia, "tutakufikisha. Tutasimama mlangoni mpaka uridhike."

Sikuelewa pia kwa nini ilibidi wasimame mlangoni.

"Nimechoka kudanganya," mke wangu akasema, si kwangu, kwa yule msimamizi. Akavua koti la kung'aa, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya ndoo.

Usukani aliendesha huku amebana leso mdomoni. Mke wangu alikaa nyuma na Chaki. Mimi mbele. Nilijaribu kuona uso wake kwenye kioo, nikaona kitambaa cha kichwa tu. Mtoto alikuwa amelala. Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia mama. Niliyapanga, nikayanoa, nikayarudia.

Mama alifungua mlango kabla sijabisha. Alikuwa amevaa, hajalala.

Hakunitazama usoni. Alitazama mkono wangu wa kulia, damu ya Usukani ilikuwa imekauka juu ya vidole. Kisha akanipita kwa macho, akamtazama mke wangu aliyesimama nyuma yangu.

"Amekupiga?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

"Hapana, mama."

"Na mtoto?"

"Hajamgusa."

Maneno yote niliyoyanoa garini yakanipotea.

"Mama," nikasema, "mimi ndiye mwanao."

"Najua. Nimekuzaa."

"Ulimfukuza mke wangu mlangoni kwangu!"

"Sikumfukuza. Nilimficha."

"Ulimficha asionwe na nani?"

"Na wewe."

Alinyanyua mkono wake wa kushoto, ule usionyooka vizuri. Tangu utotoni tuliambiwa alianguka kisimani.

"Baba yako alinivunja mkono huu kwa sababu nilimjibu fundi rangi salamu. Salamu tu, mwanangu. Huyu alikuja na tumbo. Ulitaka nimkaribishe ndani, nikae kitini, nikungoje urudi kazini?"

"Mimi si baba!"

"Kioo chako ulikivunja kwa ngumi hiyo hiyo. Na hiyo damu ni ya nani?"

Nyuma, kando ya gari, Usukani aliinamisha kichwa kama yeye ndiye mwenye makosa.

"Sijawahi kumpiga mke wangu!" nilipiga kelele. Mbwa wa jirani akaanza kubweka. "Sijawahi! Mama Pacha, sema. Waambie. Nimewahi kukupiga?"

Mke wangu alimfunika mtoto masikio kwa kanga.

"Bado," akasema.

Sikiliza neno lenyewe. Hakusema hapana. Alisema bado.

Nikakumbuka milango niliyoipiga mateke, sahani, simu yake ya kwanza niliyoibamiza ukutani na siku iliyofuata nikamnunulia nyingine nzuri zaidi. Nilikuwa najiita mtu mwenye hasira za karibu na huruma ya karibu. Nilikuwa najisifu hivyo mbele za wateja, mkasi mkononi.

Mlango wa chumba cha watoto ukafunguka. Binti yangu alitoka wa kwanza, anasugua macho. Alipoona nani yuko mlangoni, usingizi ukamtoka.

"Mama!"

Alipita chini ya mkono wa bibi yake, akamkumbatia mama yake miguuni. Kaka yake akaja nyuma, akasimama, akakunja uso kama anayepiga hesabu.

"Lakini leo si Jumamosi," akasema.

Nilimtazama mama yangu. Jumamosi. Kila Jumamosi alikuwa akiwachukua kwenda bustanini kubembea.

"Mlikuwa mnamwona?" nikamuuliza mwanangu. "Siku zote hizi, mlikuwa mnamwona mama yenu?"

Akamtazama bibi yake kwanza, kuuliza kama anaruhusiwa. Mama akatikisa kichwa kukubali.

"Bibi alisema tukikuambia utavunja vitu," akasema mwanangu taratibu. "Halafu mama hatakuja tena."

Watoto wadogo vile. Walikuwa wanarudi Jumamosi jioni, wanakaa mezani na mimi, nawauliza bustani ilikuwaje, wanasema nzuri. Wanajua kutunza siri kuliko watu wazima. Nani aliwafundisha? Nilitaka kusema bibi yao. Lakini mtoto hafundishwi kuogopa kwa maneno.

Mama aliondoka mlangoni, akasimama pembeni. Njia ikawa wazi.

"Nyumba ni yako," akaniambia. "Mwambie mwenyewe aingie. Lakini nakuapia, ukimgusa huyu au mtoto wake, nawachukua wote wanne na hutatuona tena."

Mke wangu alibaki nje ya kizingiti. Binti yangu amemshika mguu. Alikuwa ananitazama usoni, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu ageuke kule mnarani.

"Sema wewe, Baba Pacha," akasema. "Niingie, nisiingie?"

Neno nilikuwa nalo, "karibuni" tu, neno ambalo hata mgeni anayepotea njia huambiwa, nalo likanikwama. Nikaona nionyeshe kwa tendo. Nimpokee mtoto, apate kuvua zile buti.

Nikanyanyua mkono.

"Baba, usimpige!" binti yangu alipiga ukelele, akatanua mikono mbele ya mama yake.

Mama yangu akarukia mkono wangu. Mwanangu akakimbilia chini ya meza. Chaki alikuwa ameshaanza kukimbia kutoka barabarani, anaita jina langu. Na mke wangu alirudi nyuma hatua moja, akarudi nyingine, akamshika binti yetu mkono, akamvuta aende naye.

Usukani akafungua mlango wa gari.